Koplo Hamshonei Sajenti

Wauza dagaa wa soko la Mwaloni hawamwangalii askari usoni. Wanamwangalia mkono. Nililijua hilo wiki niliyopangiwa kazi kituo cha polisi cha Kirumba, Mwanza, nilipotumwa sokoni kuamua ugomvi wa wanawake wanne waliokuwa wakigombania sehemu ya kuanikia. Nilifika nimenyooka, buti zinang'aa, kofia imekaa mahali pake. Mama mmoja mnene aliyekalia gunia alinitazama begani, akashuka na macho hadi kwenye kiwiko, akapanda tena kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mwangaluka, binti," akaniamkia Kisukuma, kwa upole kabisa. "Naona huna hata V moja. Katuletee mwenye tepe, sisi tutakusubiri hapa hapa."

Nikaenda kumleta. Ningefanya nini? Na kweli walinisubiri, na koplo alipofika walinyamaza wote kwa pamoja, halafu wakaanza kumweleza mmoja mmoja, kwa adabu, kama watoto wa shule ya Jumapili. Koplo mwenyewe alikuwa mwembamba kuliko mimi na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu. Tofauti yetu ilikuwa vile vitambaa viwili vya umbo la V vilivyoshonwa kwenye mkono wa shati lake. Tepe mbili ni koplo, tepe tatu ni sajenti, na asiye na kitu ni konstebo. Wenye nyota mabegani ni habari nyingine, hao tulikutana nao zaidi kwenye gwaride.

Nilikuwa konstebo kwa muda mrefu. Wenzangu tuliotoka nao depo walipata tepe, wakahamishwa, wakarudi wamenenepa, mimi bado mkono wangu ni kaki tupu. Sikuwa na kinyongo. Nilikuwa nazaa, nalea, nasubiri zamu yangu. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeumia kwa niaba yangu, naye alikuwa baba mkwe.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Mashine ya barafu ikikohoa popote kati ya Kirumba na Igombe, anaitwa yeye. Ni Mhaya, mimi ni Msukuma wa Misungwi. Wazazi wake wanakaa Pasiansi, kwenye nyumba ambayo mzee aliijenga kidogo kidogo alipokuwa jeshini, yenye migomba michache nyuma ili mama asijione yuko ugenini, na kibaraza ambacho ukisimama pembeni kabisa unaliona ziwa katikati ya mapaa ya majirani. Mzee alistaafu akiwa koplo. Mtaa mzima ulimwita Koplo, hata mchungaji.

Kwao, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamgusani, hamtaniani, hamkai kochi moja. Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu mazungumzo yetu yote yalitosha kuandikwa kwenye kiganja. Ninafika Jumapili baada ya ibada, ninapiga goti mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Bado?"

"Bado, baba."

Basi. "Bado" ilihusu tepe. Yeye anarudi kwenye redio yake, mimi naingia jikoni kumsaidia mama kumenya ndizi. Mume wangu alizoea kusema kwamba tukiendelea hivyo tutazeeka baba yake akiwa hajui hata sauti yangu ikoje.

Halafu nikapata ukoplo.

Siku hiyo sikungoja Jumapili. Nilitoka kazini nikaenda Pasiansi moja kwa moja, tepe zangu mbili mpya zikiwa ndani ya bahasha mfukoni, kwa kuwa nilitaka kuzipeleka kwa fundi wa nguo kesho yake. Nilipiga goti, nikaamkia, akaitikia, akauliza, "Bado?"

"Tayari, baba."

Mzee akazima redio. Sijawahi kumwona akizima redio kwa sababu ya mtu yeyote, hata mgeni kutoka Bukoba. Akanyoosha mkono, si kwangu bali kwa bahasha, nikaiweka mezani ili tusigusane, akaichukua. Akazitoa zile tepe, akazigeuza, akazinusa. Naapa alizinusa.

"Nani atashona?"

"Fundi wa pale Nyamagana, baba, karibu na soko."

"Fundi wa gauni?" Akamwita mama. "Mletee mtoto kitenge ajifunge. Nataka hilo shati."

Nikakaa chumbani kwa mama nimejifunga vitenge viwili, huku baba mkwe wangu amekaa kibarazani na shati langu la kazi magotini, miwani puani, anashona. Alipima kwa vidole kutoka begani. Alichora mstari kwa kipande cha sabuni. Alishona, akafumua, akashona tena, na kila baada ya muda alipaza sauti ili nimsikie huko chumbani.

"Ncha inaangalia chini! Ikipinda kidogo unaonekana mlevi!"

"Ndiyo, baba!"

"Uzi wa rangi ya tepe, siyo wa shati!"

"Ndiyo, baba!"

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani ananitazama. "Waitu," akashangaa kwa Kihaya chake, "leo ameongea na wewe kuliko alivyoongea na mimi mwezi mzima."

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia siku ile. Kama baba mkwe na mkamwana hatukuwa na ruhusa ya kuongea, lakini makoplo wawili wana mengi ya kuongea. Nikifika, napiga goti kama kawaida, anaitikia kama kawaida, halafu anasema, "Haya, Koplo mwenzangu, lete habari za kituo." Ninakaa kiti cha mbali, yeye cha kwake, tunaanza. Tuliongea kuhusu buti zinazobana na namna ya kuzilainisha. Tuliongea kuhusu wakuu wanaopiga kelele na wakuu wanaonong'ona, na tukakubaliana kwamba wa kuogopa ni wanaonong'ona. Alinifundisha kulala nimesimama, jambo ambalo polisi mwaminifu hatakiwi kulijua. Nilimwigizia wauza dagaa wanavyogombana, kwa lafudhi ya kwetu, "liziki" mahali pa "riziki", na mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Mama alinung'unika kwanza. Akasema kwao mambo hayo hayapo, majirani watasema. Baadaye akaanza kuhamishia ndizi zake kibarazani, akawa anamenya hapo hapo ili asipitwe.

Tulifurahi hivyo miaka kadhaa. Ndipo nikapelekwa Moshi kwenye kozi ya usajenti.

Kozi yenyewe siisimulii, kila aliyeipita anaijua na ambaye hajaipita hataamini. Nilirudi nimekuwa mweusi, miguu imekaza, na cheti cha kufaulu. Tepe yenyewe ya tatu nilikuwa bado sijavishwa, ilisubiri sherehe ya mkoa. Jumapili ya kwanza tukaenda Pasiansi, mimi nimevaa gauni langu la ibada na kiremba, mume wangu nyuma anabeba sato wawili niliowachagua mwenyewe.

Nikafika mlangoni, nikapiga goti. "Shikamoo baba."

Mzee akasimama.

Hakusimama kama mtu anayemkaribisha mgeni. Alibana miguu, akashusha mikono ubavuni, ngumi zimefungwa, kidevu juu, macho yanaangalia ukuta juu ya kichwa changu.

"Marahaba, afande," akasema.

Nilidhani ni utani. Nikacheka. Hakucheka. Nikainuka, nikasogea kwenye kiti changu cha mbali, nikasimama nikimsubiri akae kwanza, maana mkamwana hakai baba mkwe akiwa amesimama. Yeye naye hakukaa, maana koplo hakai sajenti akiwa amesimama. Mume wangu alipita katikati yetu na samaki wake, akamwangalia baba, akaniangalia mimi, akaendelea jikoni.

"Baba, karibu ukae," nikasema.

"Baada yako, afande."

"Baba, siwezi."

"Nami siwezi."

"Lakini sijavishwa hata hiyo tepe, baba. Na leo nimevaa gauni."

"Kozi umemaliza. Tepe ni uzi tu. Na cheo hakivuliwi na gauni."

Mama akatoka jikoni na bakuli la ndizi, likitoa mvuke. Akatukuta tumesimama kama milingoti miwili. Akaweka bakuli mezani, akaleta samaki, akaleta maji ya kunawa, akarudi, bado tumesimama. Mvuke ukaanza kupungua.

"Mtakula lini?" akauliza.

Mzee aliendelea kuangalia ukuta.

"Wewe," akanigeukia, "si ndiye mkubwa wake siku hizi? Mwamrishe basi akae, chakula kinapoa!"

Nilihisi jasho likinitoka chini ya kiremba. Kumwamrisha baba mkwe! Bibi yangu angesikia huko Misungwi angefufuka ili afe tena. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ndogo, nikiwa naangalia sakafu, "Baba, mguu pande, tafadhali."

"Katika amri hakuna tafadhali," akasema mzee, kidevu bado juu.

Nikainua kichwa. "Mguu pande!"

Akalegeza miguu. "Kaa!" nikasema, na akakaa, nami nikakaa haraka kabla hajabadili mawazo. Mume wangu alikuwa amejificha nyuma ya pazia la jikoni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Jumapili ile tulicheka sote isipokuwa mzee. Jumapili iliyofuata mume wangu alicheka peke yake. Jumapili ya tatu hakuna aliyecheka. Mzee alisimama kila nilipoingia, alisimama kila nilipotoka, na katikati hakuwa na la kusema. Hakuuliza habari za kituo. Nikimwuliza kuhusu buti anajibu, "Ndiyo afande," au "Hapana afande." Kile kiti changu cha mbali kikawa cha mbali kweli. Nilijaribu kumwigizia wauza dagaa, akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa.

Njiani kurudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Nimempoteza rafiki yangu."

"Mzee anapenda mambo ya jeshi tu," akasema. "Yatapita."

Hayakupita. Tarehe ya kuvishwa vyeo ikatangazwa. Tukaambiwa kila anayevishwa anaweza kuja na ndugu mmoja wa kusimama naye, amsaidie kamanda kubandika tepe. Wenzangu walichagua waume, wake, mama zao. Mimi nilimtaka mzee. Nikamwomba. Akasimama, akakaza, akasema, "Koplo hamshonei sajenti, afande. Haijawahi kuwa hivyo." Nikarudi nyumbani nikalia kidogo bafuni, halafu nikapiga pasi.

Siku chache baadaye mama mkwe akanipigia simu niende nikamsaidie kutoa vitu nje. Mvua zilikuwa zimekatika na alitaka kuanika yote yaliyokaa kwenye unyevu: mablanketi, magodoro, na tranka la chuma la mzee lililokuwa chini ya kitanda. Ndani ya tranka kulikuwa na sweta la kijani la jeshi lenye tepe mbili mkononi. Sheria inasema nini kuhusu raia kukaa na nguo za jeshi nilikuwa naijua vizuri sana, na nikaamua kwamba siku hiyo niko likizo. Nikalikung'uta, nikalitandaza kwenye kamba, mkono ukielekea jua.

Ndipo nikaona. Juu ya zile tepe mbili kulikuwa na kivuli. Sweta lote lilikuwa limepauka, lakini hapo palibaki kijani cha zamani, kilichokolea, chenye umbo la V. Pembeni yake kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, vimepangana vizuri. Mtu aliyewahi kushona tepe hawezi kukosea pale. Tepe ya tatu ilikaa hapo, ikakaa muda wa kutosha kuacha alama.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa kamba. Aliniona nilivyoona. Akatoa kibanio mdomoni, akabana blanketi, akasema, "Mzee yuko kwenye migomba," kisha akaingia ndani.

Nikalitoa lile sweta kwenye kamba, nikaenda nalo nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa anakata majani makavu ya migomba kwa panga. Kuniona tu akabana miguu, panga ubavuni.

"Baba," nikasema, "hapa palikuwa na tepe ya tatu."

Macho yake yaliangalia juu ya kichwa changu kama kawaida. Halafu yakashuka kwenye sweta. Nikaona mabega yake yanalegea bila amri ya mtu.

"Palikuwa nayo," akasema.

"Nani aliitoa?"

"Mkuu wangu. Mbele ya kikosi chote, kwa wembe. Alikuwa mtu mzuri yule, aliukata uzi polepole ili asiharibu sweta. Sikuonewa. Kosa lilikuwa langu na nililijua."

"Kosa gani, baba?"

Akatikisa kichwa. Hilo hakutaka. Akachomeka panga kwenye shina la mgomba, akaushika ule mkono wa sweta, akapitisha kidole gumba kwenye kile kivuli. "Watu wanadhani nasimama kwa kukukebehi," akasema. "Mwanangu anadhani hivyo, nimemwona anacheka. Mimi naijua hiyo tepe. Ukiipata, mkono mmoja unakuwa mzito kuliko mwingine, unatembea umepinda wiki nzima. Ukivuliwa, unaendelea kuwa mzito. Sasa wewe unaingia nyumbani kwangu unayo. Nifanyeje? Nibaki nimekaa?"

Tulisimama pale katikati ya migomba, kuku wa jirani wakipekua majani aliyoyakata. Nikamwuliza kama mume wangu anajua.

"Hajui. Wala hana haja ya kujua."

"Basi njoo kwenye sherehe," nikasema. "Usishone. Usimame tu karibu yangu."

"Hiyo ni amri?"

Nikafikiria. Kumwamrisha mara moja mbele ya ndizi zinazopoa ni jambo moja. Lakini niliona macho yake, na yalikuwa yanataka kuamrishwa.

"Ni amri."

"Ndiyo, afande," akasema, akachomoa panga lake na kuendelea na majani. Nilipofika kwenye kona ya nyumba nilimsikia anapiga mluzi.

Siku ya sherehe upepo wa ziwa ulikuwa umeamka na hasira. Tulipangwa mistari uwanjani, bendi pembeni, ndugu zetu wamesimama hatua moja nyuma yetu. Mzee alivaa suti nyeusi ya mazishi na tai aliyoifunga yeye mwenyewe, fundo dogo kama njegere. Mume wangu na mama walichelewa, wakafika na bajaji wakati gwaride limeshasimama, wakajipenyeza mbele ya watazamaji.

Kamanda alikuwa anapita kwa kila mmoja, anabandika tepe kwa pini, anampa mkono, anasogea. Alipofika kwangu upepo ukavuma. Shati langu nililipiga wanga mwingi mno, kitambaa kikawa kigumu kama kadi, na pini ya kwanza ikapinda. Akachukua ya pili, ikatoboa, ikatoka, tepe ya tatu ikapeperuka na kuanguka kwenye vumbi. Mzee akaiokota kabla sijapumua. Akaipangusa kwa kiganja.

"Afande, naomba ruhusa," akasema.

"Ruhusa ya nini, mzee?"

Akageuza ukosi wa koti lake. Chini yake kulikuwa na sindano, na ilikuwa na uzi tayari, wa rangi ya tepe. Hakika mtu aliyeniambia koplo hamshonei sajenti alikuwa ametoka nyumbani na sindano yenye uzi.

Kamanda akaitazama ile sindano. Akautazama mstari mrefu uliobaki. "Harakisha basi, mzee," akasema.

Mzee akavaa miwani, akaushika mkono wangu. Tangu niolewe hakuwahi kunigusa, hata kwa kupeana mkono kwenye msiba. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya kahawa ya kutafuna ya kwao Bukoba. Nilikuwa nimekaza macho mbele, kama inavyotakiwa, nikamwona mama mkwe upande wa pili amejishika mdomo kwa mikono yote miwili. Bendi ikamaliza wimbo. Mzee bado anashona. Mkuu wa bendi akaangalia, akainua fimbo, wakauanza wimbo ule ule upya.

Kamanda alikuwa mtu mcheshi, akaamua kupitisha muda. "Unashona kama mwanajeshi, mzee. Ulistaafu na cheo gani?"

Mzee akakata uzi kwa meno. Akasimama wima, mguu sawa, na akajibu kwa sauti ambayo nadhani hakuwa ameitumia tangu ujana wake, maana njiwa waliruka kutoka kwenye paa.

"Sajenti, afande! Kisha koplo!"

Watu wakacheka, wakidhani uzee umemchanganyia hesabu. Kamanda naye akacheka. "Vyeo vya wenzako vinapanda, mzee, cha kwako kilishuka?"

"Ndiyo, afande. Kilishuka."

Kamanda akaacha kucheka. Alimtazama kidogo, akaitazama tepe mkononi mwangu. "Umeshona vizuri," akasema, akanipa mkono, akampa mzee naye mkono, akasogea kwa mwingine.

Kule kwa watazamaji, mume wangu hakuwa anacheka.

Baada ya sherehe tukaenda kula sato sehemu moja Kirumba, meza ziko karibu na maji kiasi kwamba marabu, wale ndege warefu wenye upara, wanakuja kusimama nyuma yako kama wahudumu. Mimi nilikuwa bado na sare. Mhudumu alileta samaki mkubwa wa kukaanga, ugali, ndizi za kuchoma. Tulinawa. Hakuna aliyeanza.

"Baba," mume wangu akasema. "Ulikuwa sajenti lini?"

Mzee alimwangalia mama. Mama akasema, "Mwambie. Mimi nimechoka kukutunzia."

"Nilikuwa sajenti mwaka uliozaliwa wewe," mzee akasema. "Mama yako alikuwa kwao, Bukoba, mimi niko kambini huku Mwanza. Nikapewa ruhusa fupi, nikapanda meli, nikafika. Ulikuwa uzaliwe. Hukuzaliwa. Ruhusa ikaisha, meli ikaja ikaondoka, wewe bado. Halafu uchungu ukaanza na haukwenda vizuri. Wakampeleka hospitali kwa machela, na mimi nilishika upande mmoja wa ile machela. Meli nyingine ikaja, nayo ikaondoka. Ulipozaliwa mama yako hakuweza kuinuka. Nilisubiri mpaka nimwone anakaa mwenyewe na kushika kikombe. Ndipo nikapanda meli."

"Ulijua watakuvua?"

"Nilijua. Nilikaa nje kwenye sitaha njia nzima, ninaziangalia tepe zangu tatu. Nilitaka kuziona vizuri."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mtoto amenigharimu tepe? Ungekua na hiyo." Akavuta kipande cha ndizi. "Ningerudi leo ningefanya hivyo hivyo. Lakini mkuu wangu naye angetakiwa kunivua hivyo hivyo. Jeshi ni jeshi."

Mama mkwe akaona meza imekuwa nzito. "Na kosa lenyewe ni la huyu," akasema, akimnyooshea mume wangu kidole. "Alichelewa kuzaliwa, na mpaka leo anachelewa. Asubuhi nimekaa tayari na kitambaa kichwani, yeye anatafuta soksi!"

Tukacheka, mzee naye, cheko lile la zamani la kuvua miwani. Mume wangu alicheka kisha akainuka, akasema anaenda kunawa, ingawa alikuwa ameshanawa. Alisimama pale kwenye bomba muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa. Akachukua kichwa cha sato, ambacho ndicho anachokipenda kuliko kitu chochote duniani na huwa hamwachii mtu, akakiweka kwenye sahani ya baba yake. Mzee akakimega vipande viwili na kumrudishia nusu.

Mama mkwe ndiye aliyetoa amri ya mwisho siku ile, nayo inafuatwa mpaka sasa. Akasema nyumba ya Pasiansi ni yake, na ndani ya nyumba yake hakuna sajenti wala koplo. Mzee aruhusiwe kusimama mara moja tu, ninapoingia, ili roho yake itulie, kisha akae na aulize habari za kituo. Mzee akauliza nani amempa mama cheo cha kutoa amri hizo. Mama akamwambia amalize samaki.

Tulirudi kwa miguu sehemu ya njia, tukiwa tumeshiba. Wanaume walitangulia. Mume wangu alikuwa anauliza habari za ile meli, ilikuwa kubwa kiasi gani, mawimbi yalikuwaje, na mzee alikuwa anaonyesha kwa mikono. Mimi na mama tulikuwa nyuma na mfuko wa samaki waliobaki.

"Alikuchoma na ile sindano?" akaniuliza.

"Kidogo, mama."

"Macho yake hayaoni siku hizi. Hebu nione."

Nikageuza mkono kwenye mwanga. Tepe ya tatu ilikuwa imeegemea upande mmoja, mishono mikubwa, mmoja umeruka kabisa na kushika kitambaa cha pembeni. Kwa viwango vyake mwenyewe, nilionekana mlevi.

"Imepinda," mama akasema. "Utaifumua?"

"Hapana," nikasema. "Labda shati lichakae."